UFUGAJI WA KUKU: Ushahidi Umo Matumboni

Mfugaji wa Kisauni akiamka alfajiri na kukuta kuku watatu wamekufa na wengine wamejikunyata, shauri la kwanza limjialo ni kuwauza walio hai kabla hawajafa. Shauri hilo ni baya kuliko yote. Huenda ugonjwa huo ni kideri, na kideri husafiri ndani ya tenga na juu ya viatu vya mnunuzi. Jioni umekwisha kufika Changamwe au umevuka kivuko kwenda Likoni.

Kideri si mgeni katika nchi hii. Kilitambuliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1926. Na mwaka 1935 kilikwisha kuonekana Kenya, huku pwani. Kuku mgonjwa huhara kijani, huhema kwa shida, na pengine shingo humpinda. Akipasuliwa, mara nyingi huonekana madoa ya damu katika kifuko kilicho mbele ya firigisi, na vidonda ndani ya matumbo.

Lakini macho peke yake hayatoshi. Koksidia nayo hutia damu matumboni, nayo ina dawa, kideri hakina. Mfugaji anayekisia hupoteza fedha kwa dawa isiyofaa, na kuku wakazidi kufa.

Kwa hiyo yafaa ampashe habari afisa wa mifugo siku ile ile. Kuku aliyekufa punde, au ute uliopanguswa kooni na katika tundu la haja, huwekwa katika barafu na kupelekwa maabara, kama ile ya serikali iliyoko Mariakani. Huko wataalamu waweza kutia ute uliosafishwa katika yai lenye kifaranga cha siku 9 hadi 11. Baada ya siku chache maji ya yai hilo huchanganywa na damu ya kuku: chembe za damu zikigandamana, ni dalili ya virusi, na kipimo kingine huthibitisha jina lake.

Wakati wa kungoja jibu, kuku asitoke bandani wala mgeni asiingie. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina. Chanjo sharti itolewe mapema, kwa kuwa haimponyi aliyekwisha kuugua.

Kuku mmoja aliyepasuliwa ni hasara ndogo. Tenga moja lililouzwa kwa siri laweza kumaliza kuku wa mtaa mzima.