Mchawi Wenu Ana Miaka Sabini

Nianze na msimamo ili tusipotezeane muda. Filamu za kutisha ni aina bora kuliko zote, na anayesema ni za watoto au za mashetani hajawahi kuitazama hata moja mpaka mwisho. Nimezianza nikiwa darasa la tatu, Kolandoto, kwenye kibanda umiza karibu na njia panda ya kwenda Lalago. Kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, mifuko ya salfeti imeshonwa pamoja kuziba mwanga. Zilikuja zimeshatafsiriwa, na sauti ya Lufufu ilimfanya kila mzimu wa Kimarekani aongee kama mpangaji wa Manzese anayedaiwa kodi. Leo niko Dar es Salaam nasoma shahada ya uzamili, na nikichoshwa na sura ya pili ya tasnifu yangu, nazima taa na kuweka muvi ya kutisha. Wenzangu huweka mpira.

Kwa hiyo msinisome kama mlokole. Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, naiweka juu ya zote. The Exorcist ya 1973 naiheshimu tu, maana inamwamini padri kupita kiasi. Ringu ya Hideo Nakata, 1998, ilinifanya nigeuze televisheni itazame ukuta kwa wiki nzima. Get Out ya Jordan Peele nimeitazama mara sita, na mpaka leo mtu akikoroga chai taratibu mbele yangu naangalia mlango uko wapi.

Ugomvi wangu ni na za kwetu.

Unaijua filamu ninayoisema bila mimi kukutajia jina, kwa sababu ziko nyingi na zote ni moja. Mtoto anaumwa. Hospitali wanapima, hawaoni kitu. Shangazi mmoja mwenye busara anasema, "Haya si ya hospitali." Wanakwenda kwa mganga, mganga anatazama kwenye beseni la maji, na ndani ya beseni inatokea sura: bibi wa jirani, au mama mkwe, mjane, maskini, kaniki mwilini, macho mekundu. Usiku tunaonyeshwa bibi huyo yuko makaburini na ungo wake. Mwishoni anaungua, au anaanguka kanisani akitaja majina ya aliowala. Kibanda kizima kinashangilia. Tuliinakili kwa Wanigeria, ambao tangu Living in Bondage ya 1992 wameuza pepo na mchungaji dunia nzima, na tukaongeza cha kwetu: kilimi na ushungi.

Sasa nikuulize, macho mekundu tuliyatoa wapi?

Hayo hatukuyanakili kwa mtu, ni ya Usukumani. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini kwenye jiko la mafiga matatu, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, ana macho mekundu. Na Shinyanga hakupikia kuni nzuri. Miti ilifyekwa kwa maelfu ya ekari, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupisha pamba, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 ili kuirudisha. Kabla miti haijarudi, na hata baada ya hapo, watu walichoma mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe unawasha macho kuliko pilipili. Kwa hiyo yale macho ni historia ya mazingira ya mkoa wetu, imeandikwa usoni mwa wanawake waliotulisha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo. Mtaa mzima wa rika lake walikuwa nayo.

Na wameuawa kwa ajili ya hayo. Simeon Mesaki, msomi aliyeyachunguza mauaji haya kwa undani kuliko yeyote ninayemjua, ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Kwetu wauaji wana hata jina la kazi: wakata mapanga, watu wanaolipwa. Kabla ya panga, wakati mwingine huja barua ya kumtaka bibi ahame. Ukichimba chini ya kesi utakuta shamba, ng'ombe wa urithi, au mtoto aliyekufa kwa malaria na familia isiyotaka kifo kisiwe na mwenyewe. Kolandoto ina hospitali tangu 1913, wamisionari wa Africa Inland Mission ndio walioianzisha. Zaidi ya miaka mia moja ya darubini na vidonge, na bado kuna nyumba ambamo homa ya mtoto hutafutiwa jina la jirani.

Najua utaniambia nini, maana nimeshaambiwa mara nyingi, mara ya mwisho kwenye semina: mauaji yalikuwapo kabla ya deki ya video haijafika kijijini. Kweli kabisa. Mwaka 1974, vijiji vya ujamaa vilipowabananisha watu waliozoea kuishi mbalimbali, hakuna aliyekuwa na CD. Sisemi filamu zinaua. Wala siombi Bodi ya Filamu ifungie chochote, nisije nikaamka kesho Ringu nayo imefungiwa.

Ninachosema ni kwamba filamu hizi zinapiga ramli. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ile tunayoiita ramli chonganishi, ya mganga kumtajia mteja nani kamroga. Fikiria inavyofanya kazi. Mteja anafika akiwa tayari ana mtu moyoni. Mganga anauliza maswali, anazunguka, anasema "ni mtu wa karibu, mwanamke, ana umri," na mteja anamalizia jina mwenyewe. Ila ramli ya mganga ina udhaifu mmoja: hakuna aliyeona. Unabaki na shaka kidogo, na hiyo shaka kidogo imeokoa watu. Kamera inaiondoa. Kamera inakwenda makaburini na kukuonyesha bibi kwa macho yako, yuko juu ya ungo, mdomo una damu. Katika filamu hizi sijawahi kuona mtuhumiwa aliyesingiziwa. Mganga hakosei hata mara moja! Daktari anakosea, polisi wanakosea, mganga kamwe. Hata Sherlock Holmes hakupewa rekodi kama hiyo.

Na hilo, kama shabiki, ndilo linaloniudhi kuliko yote: ni uvivu. Filamu ya kutisha inaishi kwa shaka. Je, yupo au hayupo? Ukishanionyesha dakika ya kumi na tano kwamba bibi ni mchawi, saa nzima iliyobaki nangoja tu aungue. Hiyo ni adhabu ya hadharani iliyowekewa muziki.

Kuna za kwetu ninazozipenda, nisionekane nachukia chetu. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na Shumileta ilinitia hofu ya kweli. Ni jini. Hakuna mtu Kolandoto mwenye jirani jini anayeweza kumfuata na tochi saa nane za usiku. Kwa muda niliamini hiyo ndiyo dawa: tuogope majini, tuwaache bibi zetu. Halafu nikasoma kuhusu Popobawa wa 1995. Pemba na Unguja watu walilala nje wakikesha kwa hofu ya kiumbe chenye mabawa, kiumbe ambacho kwa hakika si jirani wa mtu. Na bado, mjini Zanzibar, umati ulimpata wa kumuua: mtu mwenye ugonjwa wa akili, aliyetoka bara kutafuta matibabu. Hata popo alipatiwa mwili wa binadamu, na ulikuwa wa mtu asiyeweza kujitetea.

Ndiyo maana narudi kwa Romero. Shujaa wake, mwanamume mweusi, anapambana na wafu usiku kucha na kubaki hai. Asubuhi linakuja kundi la raia wenye bunduki, linasafisha eneo, linamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa wakidhani ni mmoja wa wafu. Au bila hata kudhani. Nilipoitazama mara ya kwanza niliwaza sungusungu, jeshi la jadi lililoanza kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwafukuza wezi wa ng'ombe, na ambalo sehemu nyingi liliwageukia pia wanaodaiwa kuwa wachawi. Mmarekani wa Pittsburgh alitengeneza filamu kuhusu Shinyanga bila kujua.

Rungano Nyoni wa Zambia naye, I Am Not a Witch, 2017: msichana mdogo anatuhumiwa, anapelekwa kambi ya wachawi, anafungwa utepe mweupe mgongoni eti asiruke, na kuambiwa akiukata atageuka mbuzi. Hakuna damu wala ungo. Unacheka, kisha unajiona unavyocheka. Na White Shadow ya Noaz Deshe, 2013, iliyopigwa hapa hapa Tanzania kwa Kiswahili, inamfuata kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa. Kwa maoni yangu ndiyo filamu ya kutisha kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye ardhi yetu. Ilipata tuzo Venice. Kwetu, ukanda ambao viungo vya watu vimetafutwa ili machimbo ya Geita yatoe dhahabu, sijawahi kuiona ikining'inia hata kwenye kibanda kimoja cha CD.

Waongozaji wetu, bei yake si kubwa. Jumba moja, bibi mmoja, usiku mmoja. Mchana ameokota barua mlangoni, hajui kusoma, mjukuu anamsomea nusu na kunyamaza. Jioni anapika, moshi, anafuta macho kwa kanga. Mpwa wake kaja kusalimia na anauliza mno habari za shamba. Mbwa wanabweka kisha wanaacha. Tochi mbili zinatokea kwenye mkonge, zinazimwa. Hapo huhitaji athari za kompyuta, huhitaji hata muziki. Na katika filamu kama Halloween ya 1978 daima anabaki msichana mmoja hai mwisho. Mpeni bibi nafasi hiyo. Mpeni mchi.

Rafiki yangu mmoja anayesoma biashara aliniuliza nani atainunua. Nilimjibu aje Kolandoto Jumapili jioni ahesabu watu walioko kwenye mabenchi, na ahesabu wangapi wana bibi nyumbani.