Msiniite Mfano wa Kuigwa

Oktoba iliyopita niliitwa nyumbani, Kigera, kuzungumza kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu aliyenipigia simu alisema hahitaji hotuba ndefu. "Wewe simama tu wakuone," aliniambia. "Wajue kuwa mtoto wa huku kwetu anaweza kuwa nesi." Akaniomba nije na sare ya chuo.

Nikapanda basi hadi Musoma, nikapiga pasi sare nyumbani kwa mama, nikasimama chini ya turubai na kusema yale yanayosemwa. Kwamba mama yangu anauza dagaa Mwigobero. Kwamba nilisoma kwa kibatari. Kwamba nidhamu, sala na bidii havijawahi kumtupa mtu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akauliza kama wamemwona mfano wa kuigwa, na wote wakaitikia kuwa wamemwona.

Halafu binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono.

"Dada, ukimaliza utaajiriwa?"

Turubai zima likatulia. Nikamtazama mwalimu, mwalimu akatazama ratiba. Nikasema, "Mungu ni mwema, mdogo wangu. Wewe soma tu." Wakapiga makofi tena, nami nikakaa chini nikijua kwamba nimemkwepa mtoto aliyeniuliza swali la maana kuliko yote siku ile.

Haya ninayoandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Yule binti hakuliokota swali lake hewani. Hatua chache kutoka geti la shule kuna kijiwe cha bodaboda, na pale yupo binamu yangu. Ana stashahada ya utabibu. Leseni yake imo ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro. Ili asome, shangazi aliuza ng'ombe wawili, kisha kipande cha shamba, kisha akaanza kukopa kwenye vikoba. Alipomaliza alijitolea kwenye zahanati moja kwa mwaka mmoja na nusu. Alifika saa moja asubuhi, akaona wagonjwa, akashona majeraha, na siku nyingine yeye ndiye alikuwa tabibu pekee ndani ya jengo. Malipo yalikuwa nauli, tena mwezi ambao nauli ilipatikana. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, akachukua pikipiki ya mkataba. Abiria wanamwita Dokta. Wapo wanaomwita hivyo kwa heshima, na wapo wanaomwita hivyo huku wanacheka.

Wanafunzi wa Kigera wanatuona sote wawili. Mimi wananiona mara moja kwa mwaka, nikiwa nimenyooshwa kwa pasi. Yeye wanamwona kila asubuhi wakienda darasani. Mnadhani wanamwamini nani?

Ndiyo maana nina ugomvi na maneno haya, mfano wa kuigwa. Tumeyapenda mno. Tunayatumia kwenye mahafali, kanisani, kwenye vikao vya ukoo na kwenye mitandao, kila tunapoweka picha ya kijana aliyevaa koti jeupe na maneno ya kutia moyo chini yake. Nyuma ya maneno hayo kuna dhana moja: kwamba watoto wa vijijini na wa pembezoni mwa miji wamekosa ndoto, na kwamba wakimwona mmoja wao amefika, watafika wote.

Mimi sikukosa ndoto. Ndoto yangu ya uuguzi niliipata nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye benchi la zahanati, nikimtafsiria bibi. Bibi alikuwa Mkwaya wa zamani, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na chenji. Muuguzi alikuwa ametoka mkoa wa mbali. Basi bibi alisema kwa Kikwaya, mimi nikasema kwa Kiswahili, muuguzi akaandika. Lakini yapo mambo ya mwanamke mzima ambayo mtoto hana maneno yake, na bibi hakutaka kunipa maneno hayo. Akasema mgongo. Nikasema mgongo. Tukapewa dawa za maumivu, tukarudi nyumbani. Tulikwenda hivyo mara tatu.

Siku aliyosema ukweli alimwambia shangazi, jikoni, kwamba anatokwa damu ilhali alikoma kuona siku zake miaka mingi iliyopita. Hospitali ya rufaa ikatueleza kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeshasambaa. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ni miongoni mwa zile ambazo ukizigundua mapema zinatibika. Leo ninajua jinsi uchunguzi wake wa awali unavyofanyika: siki maalumu, taa, dakika chache, na mtu wa kukuuliza kwa lugha ambayo huoni haya kuijibu. Sikumlaumu yule muuguzi, na simlaumu hadi leo. Alikuwa peke yake, na foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwenye mwembe.

Kwa hiyo msiseme watoto wa Kigera wanahitaji kuhamasishwa kuhusu afya. Wamekulia kando ya ziwa. Wamemwona mvuvi wa jirani akivimba tumbo kwa kichocho kilichokaa miaka bila dawa, kisha akitapika damu. Wanao wadogo zao wenye selimundu wanaolia viungo usiku. Wanajua muuguzi ni wa nini kuliko mgeni rasmi yeyote. Wasichokijua ni kama kuna kiti kinachowangoja.

Kuna mfano wa Mwalimu Nyerere ambao kila mtu wa Mara ameusikia walau mara moja. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Akila na asirudi, huyo ni msaliti. Tulifundishwa mfano huu kama deni la msomi. Ng'ombe wa shangazi ndio chakula kile, nami sibishi kwamba nadaiwa.

Lakini mfano ule una upande wa pili ambao hatuusimulii. Namna gani mtu yule akirudi, gunia begani, akute kijiji kimefunga lango? Binamu yangu hakusaliti mtu. Alirudi. Aligonga lango mwaka mmoja na nusu. Mwalimu mwenyewe alianza shule pale Mwisenge mwaka 1934, akaenda Tabora, akaenda Makerere, na alipomaliza Makerere alikuta darasa linamngoja katika shule ya St. Mary's, Tabora. Aliporudi kutoka Edinburgh alikuta darasa jingine Pugu. Deni alilihubiri mtu ambaye alipewa mahali pa kulilipia.

Najua nitakachoambiwa: Serikali haiwezi kuajiri kila mhitimu. Ni kweli, na sidai iajiri kila mhitimu wa kila fani. Nazungumzia sekta ambayo Serikali yenyewe, mwaka baada ya mwaka, inakiri ina upungufu mkubwa wa watumishi. Njaa ipo, chakula kipo, na vyote viwili viko mtaa mmoja.

Tena tumewahi kuona lango likifunguka. Machi 2017, baada ya mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 nchini Kenya, Serikali yetu ilikubali kuwapelekea Wakenya madaktari 500. Tafakari hapo kidogo. Nchi yenye zahanati zisizo na tabibu ilikuwa na madaktari wa kugawa, kwa sababu walikuwa wamekaa nyumbani bila ajira. Suala likafika mahakamani huko Kenya, safari ikakwama. Aprili, Rais Magufuli akaelekeza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda waajiriwe hapa hapa nchini. Wiki chache kabla ya hapo tuliaminishwa kwamba nafasi hazipo. Kumbe nafasi ni uamuzi. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika zilijiahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Sisi tuko chini ya hapo, na huo pia ni uamuzi.

Nitaambiwa pia kwamba vijana wenyewe hawataki vijijini, wanataka Dar es Salaam. Wapo. Lakini mtu anayetoa hoja hii angemchunguza kwanza kijana anayepangiwa kituo mbali na kwao, asikojua lugha, asikokuwa na nyumba, akaomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Kisha amtazame mwenzake aliyezaliwa kando ya kituo kile, anayejua kumuuliza bibi swali kwa Kikwaya, na yuko kijiweni anangoja abiria. Sisemi kila mtu ahudumie kabila lake. Taifa hili halikujengwa hivyo, na muuguzi mzuri hujifunza kumsikiliza yeyote. Nasema mtu anayeomba kurudi kwao asiambiwe kuwa hana pa kurudi.

Na wapo watakaosema, si mjiajiri? Binamu yangu kajiajiri. Ana pikipiki. Kama tungetaka waendesha pikipiki, shangazi angebaki na ng'ombe wake.

Majengo tunayapenda. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa, inayobeba jina la Mwalimu, ilianza kujengwa miaka ya 1970 na ikakaa miongo mingi ikiwa gofu kabla ya kuanza kupokea wagonjwa. Nilifurahi ilipofunguliwa, kama watu wote wa Musoma. Lakini tumezoea kuhesabu maendeleo ya afya kwa matofali, kwa sababu tofali hupigwa picha siku ya uzinduzi. Mshahara wa muuguzi haukatiwi utepe.

Basi tuache kukusanyana kushangilia mtoto mmoja, tukusanyike kuuliza. Kila kituo kina ikama, yaani idadi ya watumishi kinaostahili kuwa nao. Kwenye mkutano wa mtaa, baada ya ajenda ya taka na ya ulinzi shirikishi, mtu asimame aulize: ikama ya zahanati yetu ni watu wangapi, na waliopo ni wangapi? Diwani apeleke swali hilo kwenye baraza. Anayejitolea alipwe, hata kidogo, kutoka kwenye mapato ya halmashauri, na muda wake uhesabiwe ajira zinapotangazwa. Na jamii iliyochanga kumsomesha kijana wake iwe na haki ya kuuliza kwa nini hajapangiwa kazi, kama inavyouliza darasa lililochangiwa limefikia wapi.

Mimi namaliza mwakani. Nimeshamwambia mama kwamba nitarudi Kigera, na mama amenyamaza, kwa sababu yeye na shangazi huenda sokoni pamoja.

Kwako binti wa safu ya nyuma. Uliniuliza kama nitaajiriwa. Jibu ni kwamba sijui, na kwamba si kosa lako wala langu kutojua. Soma kemia yako, soma baiolojia yako. Bila hizo hata lango hatutalifikia. Lakini usisome kwa sababu uliniona mimi na sare yangu. Ukinikuta mwakani nimekaa kijiweni na bahasha ya kaki, usinicheke, na usiache shule. Njoo tufuatane kwenye mkutano wa mtaa. Wewe tayari unajua kunyoosha mkono.