Kiambishi cha Korokoroni

Sisi tufanyao kazi ya kufasiri hujifunza mapema kuvichunga viambishi vidogo. Kimoja, "ji", polisi wamekipenda kuliko washairi. Tarehe 8 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Tukaambiwa alijigonga kichwa ukutani. Mpasuaji wa serikali akakuta kichwa kilichojeruhiwa, shingo iliyobanwa na mwili wenye majeraha tele. Ukuta haubani shingo. Ahmed Timol naye, Johannesburg 1971, "alijirusha" dirishani. Hakimu akaafiki 1972, na jamaa zake wakangoja hadi 2017 jaji mwingine alipotamka kwamba aliuawa.

Ndipo nasema: aliyemfungia mtu asiwe wa kwanza kukisimulia kifo chake. Seli ifungwe papo hapo. Kitabu cha matukio na picha za kamera vichukuliwe na watu wasio wa kituo hicho, wala wa jeshi hilo. Daktari wa familia asimame kando ya yule wa serikali. Mahabusu waliolala naye wahamishwe kwanza, kisha waulizwe. Nani atanena kweli ilhali funguo zi kiunoni mwa mtuhumiwa?

Haya si mageni. Kenya ilitunga sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017. Ojwang alipokufa, miaka 8 baadaye, ilikuwa ingali imelala kabatini. Labda tutaambiwa nayo ilijilaza.