Jeshi si mshahara tu, wasee

KDF ikitangaza usajili, mtaa mzima unaamkia uwanjani alfajiri, vyeti kwa bahasha. Uliza mtu mbona anataka jeshi, atakwambia "mshahara". Sawa, njaa ni ya ukweli. Lakini unajua unaenda kufanya nini?

Wanajeshi wa nchi kavu wako Somalia tangu Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa. Wanamaji makao yao ni Mtongwe, Mombasa, na wewe hata bwawa la kuogelea unaogopa. Wanahewa nao si marubani wote. Kuna wa kushika spana usiku ndege ipae asubuhi. Na ukishakula kiapo, amri ndiyo inakupanga, si wewe.

Halafu hii ya mzazi kuuza ng'ombe ndio ununuliwe barua, wacheni. Usajili ni bure. Barua feki itakufikisha Eldoret, halafu selo.

Mwambie mamako usoni: "Naweza tumwa pahali kama El Adde." Kama bado unataka baada ya hapo, nenda ukimbie. Kama ulitaka tu payslip, achia mwingine hiyo nafasi.