Viza ya Utalii Si Kibali cha Kazi

Kila wiki ndege huruka kutoka kiwanja cha Abeid Amani Karume kwenda Maskati na Dubai, na ndani yake wamo wananchi wa visiwa hivi wenye haja mbalimbali. Yumo mfanyabiashara anayekwenda kununua bidhaa za duka lake. Yumo mgonjwa anayepitia huko kwenda kutibiwa India. Yumo bibi anayekwenda kumwona dada yake waliyeachana miaka mingi. Safari zao ni za heri, na hakuna mwenye haki ya kuwazuia.

Lakini wamo pia vijana wetu, na hasa wasichana, ambao viza zao zimeandikwa kuwa ni za utalii ilhali wao hawaendi kutalii. Wanakwenda kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba za watu wasiowajua. Wao wenyewe wanalijua hilo, wazazi wao wanalijua, na aliyewapatia viza analijua zaidi kuliko wote. Ni juu ya safari hizi tunapotaka kusema leo, kwa sababu tunaona hatari yake haijapewa uzito unaostahili.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hatusemi kwamba kufanya kazi nchi za nje ni aibu, wala kwamba Ghuba ni mahali pabaya. Uhusiano wa visiwa hivi na Oman ni wa damu na wa karne nyingi, na hata leo ziko nyumba za Maskati ambamo Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na barazani. Wapo waliokwenda huko kwa kazi wakarudi na akiba, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Mwanamke aliyeshinda baharini akilima mwani, kisha akaambiwa bei imeshuka tena, hawezi kulaumiwa kwa kutazama ng'ambo. Tunalolikataa ni njia anayopitishwa.

Viza ni ruhusa yenye mipaka. Sisi Wazanzibari tunalielewa jambo hilo vizuri, kwa kuwa tunaishi kwa utalii. Mgeni aliyeingia hapa kwa viza ya matembezi akakutwa anaendesha mgahawa au anafundisha kupiga mbizi kwa malipo, maofisa wa uhamiaji humkamata, naye hana la kujitetea. Sheria za Oman na za Umoja wa Falme za Kiarabu ziko vivyo hivyo. Aliyeingia kwa viza ya utalii akafanya kazi, amevunja sheria ya nchi ile tangu siku ya kwanza aliyoshika ufagio. Akidhulumiwa, anaogopa kwenda kushitaki, kwa sababu pale anapotaka kutoa malalamiko ndipo atakapoulizwa kibali chake.

Njia halali ya kazi ya nje inajulikana. Hupita kwa wakala mwenye leseni, kwa mkataba unaotaja mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko, ukaonwa na wenye mamlaka ya kazi hapa nyumbani, kisha ikatolewa viza ya kazi kwa jina la mwajiri anayejulikana. Njia hiyo huchukua muda, na wakala huulizwa maswali. Viza ya utalii huombwa kwa simu na hupatikana baada ya siku chache. Haidai mkataba wala haina ofisa wa kazi anayeikagua. Mtu mwenye haraka ya kupata faida huona wepesi huo, akauita msaada.

Tuitazame safari hiyo hatua kwa hatua. Anakuja mtu kijijini, mara nyingi jamaa wa jamaa, akachukua pasi ya binti na picha zake mbili. Baada ya siku chache anarudi na karatasi iliyoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Binti hawezi kuisoma, na hapana anayemsomea. Anapewa tiketi ya kwenda na kurudi, lakini ya kurudi ni ya kuonyeshwa kaunta tu, itafutwa mara ndege ikishatua. Anafundishwa la kujibu akiulizwa: aseme anakwenda kumtembelea khalati yake kwa wiki mbili. Tangu hapo binti huyu, ambaye hajapata kudanganya ofisa wa serikali maishani mwake, ameingizwa katika uongo ambao mwisho wake utamwangukia yeye peke yake.

Ndege inatua. Nje ya mlango wa kutokea amesimama mtu ameshika karatasi yenye jina la msichana huyo. Kwa mtalii wa kweli, jina lake kwenye karatasi ile ni faraja. Gari limelipiwa, hoteli inajulikana, na akitaka anaweza kuwapita wote akachukua teksi. Msichana wetu hajui mwenye kumpokea ni nani, hajui anapelekwa mtaa gani, na mfukoni hana nauli. Katika gari anaombwa pasi yake "ili ikafanyiwe taratibu". Anaitoa. Safari ya robo saa kutoka kiwanjani imetosha kuhamisha uhuru wake kutoka mkononi mwake kwenda mkononi mwa mtu mwingine.

Haya hatuyatungi. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, Wazanzibari wakiwamo. Walioulizwa walieleza juu ya pasi zilizochukuliwa, mishahara iliyopunguzwa au kunyimwa kabisa, kazi za tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na wengine vipigo na udhalilishaji. Walipotaka kuondoka, baadhi yao waliambiwa walipe kwanza gharama iliyotumika kuwaleta. Mtu asiye na pasi wala mshahara atailipa kwa nini?

Wako watakaosema kwamba binti akifika huko viza yake itageuzwa kuwa ya kazi. Ahadi hii imewaponza wengi. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Oman ilisimamisha utaratibu wa kuwageuzia viza ya utalii kuwa ya kazi wageni waliokwisha kuingia nchini. Waliokuwa wameahidiwa kugeuziwa wakijikuta katika hali hiyo, hawana mkataba wa kuwalinda, na muda wao wa kukaa unapungua kila siku. Serikali yoyote inaweza kubadili taratibu zake kwa tangazo la siku moja, na wakala aliyetoa ahadi hatakuwapo kulipia hasara.

Katika Falme za Kiarabu, aliyepitisha muda wa viza hutozwa faini ya dirham 50 kwa kila siku. Kiwango hicho kilianza kutumika mwaka 2022. Mwananchi aifanye hesabu mwenyewe. Siku 100 ni dirham 5,000, yaani zaidi ya dola 1,300 za Kimarekani. Mwanzoni alikuwa na deni la tiketi, na sasa ana deni la nchi nzima. Ni kweli kwamba kati ya Septemba na Desemba 2024 serikali ya huko ilitoa msamaha kwa waliopitisha muda, nao wengi wa mataifa mbalimbali walipata nafasi ya kuondoka au kurekebisha hati zao. Lakini msamaha hutolewa kwa hiari ya mwenye nchi. Hapana mzazi anayepaswa kuyajenga maisha ya mwanawe juu ya kutarajia msamaha.

Nchi hizo nazo zina sheria. Falme za Kiarabu zina sheria ya watumishi wa nyumbani ya mwaka 2022, inayompa mtumishi siku ya mapumziko kila wiki na haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Huko Oman, sheria ya kazi ya mwaka 2023 haikuwajumuisha watumishi wa nyumbani, na mambo yao yameachwa yapangwe kwa kanuni za waziri. Ulinzi huo unatofautiana kwa upana, lakini popote ulipo, mlango wake ni mkataba uliosajiliwa. Aliyeingia kama mtalii amebaki nje ya mlango huo kabla hata ya kubisha hodi.

Sasa tugeukie upande wetu, maana kuwalaumu wa ng'ambo peke yao ni kujidanganya. Uhamiaji ni jambo la Muungano, na kazi ni jambo la Zanzibar. Ofisa wa uhamiaji kiwanjani huangalia pasi na viza. Akiona zote mbili ni sahihi, amemaliza wajibu wake. Ofisa wa kazi hupokea mikataba inayoletwa mezani kwake, na ile isiyoletwa hawezi kuikagua. Msichana mwenye viza ya utalii hupita katikati ya meza hizi mbili, na kila meza ina haki ya kusema kwamba haikukosea. Wakosaji hawaonekani, ilhali kosa lipo na linaendelea. Hapo ndipo tunapowaomba wakuu wa pande zote mbili wakae pamoja, kwa kuwa mtoto anayepotea hana upande. Ni wa wote.

Tunalo jambo jingine la kujiuliza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa awe na bima ya safari inayolipiwa dola 44 katika Shirika la Bima la Zanzibar. Sababu iliyotolewa ni njema: mgeni akiugua au akapatwa na ajali, asikose wa kumsaidia. Mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya laki saba, na kila mmoja wao ni mtu wa kutunzwa. Lakini ikiwa tumeweza kumfikiria mgeni anayekaa kwetu siku saba, vipi tumemwachia binti wa Micheweni au Makunduchi aende miaka miwili ugenini bila bima, bila namba ya simu ya ubalozi, na bila mtu wa nyumbani anayejua anakolala?

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ni kuwazuia wasichana kusafiri. Hatukubaliani nao. Marufuku huongeza bei ya dalali na kurefusha njia. Aliyezuiliwa hapa atavuka bahari kwa boti, apande ndege katika kiwanja cha nchi ya jirani, na huko hatakuwapo hata ofisa mmoja anayemfahamu. Zaidi ya hayo, marufuku huwaadhibu wasafiri wa kweli. Tayari mwanamke kijana anayekwenda kununua nguo za biashara, au kumuuguza mama yake, huhojiwa kwa shaka kwa sababu ya waliomtangulia na uongo waliofundishwa. Heshima ya pasi yetu hupungua kwa kila viza inayotumiwa kinyume na ilivyoandikwa, na gharama yake tunailipa sote.

Tunapendekeza hatua ambazo haziwezi kusemwa kuwa ni ghali. Orodha ya mawakala wenye leseni ibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya sheha, Unguja na Pemba, na irekebishwe kila mara, ili mzazi asihitaji kwenda mjini kuuliza. Wakala aweke dhamana ya fedha ambayo serikali inaweza kuitumia siku hiyo hiyo kumnunulia tiketi mtu aliyekwama. Meza ya ofisa wa kazi iwekwe kiwanjani jirani na ya uhamiaji, kazi yake isiwe kuzuia bali kuzungumza faragha na msafiri kijana na kumpa kadi yenye namba za ubalozi wetu Maskati na ubalozi mdogo wetu Dubai. Na wale wanaowapeleka watu kazini kwa viza za utalii wafikishwe mahakamani. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu mwaka 2008, na sheria isiyotumika humfundisha mhalifu ujasiri.

Kwa wazazi, wasafiri na masheha tunasema hivi. Kabla mtu hajapanda ndege, ayaulize maswali matano. Viza hii ni ya aina gani, na nani amenisomea? Nani ameilipia, naye anatarajia kulipwa vipi? Nani atanipokea kiwanjani, jina lake kamili nani, na nyumbani wameliandika? Pasi yangu itakaa kwa nani? Tiketi yangu ya kurudi ni ya kweli au ni ya kuonyesha? Msafiri wa kweli huyajibu maswali haya bila kusita. Mwenye kusita asubiri. Nakala ya pasi na ya viza ibaki nyumbani, na siku ya kwanza ya simu isipopigwa, sheha aarifiwe, wala isingojwe wiki ya tatu.

Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tusiwachelee mawakala kwa sababu ni jirani zetu, wala tusiwaonee haya jamaa wanaokuja na karatasi na ahadi. Kuuliza maswali mlangoni mwa nyumba ni rahisi kuliko kukusanya michango ya tiketi ya kumrudisha mtoto aliyekwisha kuvunjika moyo, au kwenda kiwanjani kupokea asiyeweza tena kuitika salamu.

Bahari haijawahi kuwazuia watu wa visiwa hivi, na haitawazuia leo. Tunachoomba ni kwamba anayeondoka kwenda kufanya kazi aondoke kwa jina la mfanyakazi, na mkataba wake na pasi yake vikae mkononi mwake. Serikali inao uwezo wa kulisimamia hilo, na wananchi wanao wajibu wa kulidai.