Maumivu ya endometriosisi hayapimwi kwa ukubwa wa kidonda

Msichana anayejikunja kwa maumivu kila mwezi huandikiwa kwanza diklofenaki. Akirudi, hupewa antibayotiki za PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani, mara nyingine bila kipimo chochote cha maabara. Akirudi tena hupelekwa utrasaundi, na picha ikionyesha kizazi na ovari viko sawa, huambiwa hana tatizo: ni chango tu, akizaa litaisha. Vifaa vyetu ni haba, kweli, lakini kinachomwangusha zaidi binti huyu ni imani kwamba ugonjwa usioonekana kwenye picha, au unaoonekana kidogo, hauwezi kuuma sana. Yanayojulikana leo kuhusu mishipa ya fahamu na mchochota, yaani ile hali ya mwili kuvimba na kuuma unapojihami, yanaikataa imani hiyo.

Endometriosisi hutokea pale tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inapoota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, na mara chache hata kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu milioni 190 hivi. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga seli tumboni. Maelezo hayo bado yana nguvu, ila yana pengo: damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, na walio wengi hawaugui. Inaelekea tofauti iko katika namna mwili unavyozipokea seli hizo. Zikishika mahali pasipo pake, kinga ya mwili hutuma makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Makrofaji hizo, badala ya kusafisha, huweka makazi na kutoa kemikali za mchochota, zikiwamo prostaglandini ambazo ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, pamoja na protini zinazoichochea mishipa ya fahamu ichipue. Nyuzi zake nyembamba huingia hadi ndani ya kidonda. Zikishafika, nazo hutoa kemikali iitwayo CGRP, ambayo huzigeuza makrofaji zikisaidie kidonda kukua. Kidonda chenyewe hujitengenezea estrojeni, na estrojeni ikaongeza prostaglandini. Maumivu na ugonjwa hulishana.

Kwa mtazamo huo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 nchini Italia hayashangazi. Katika wanawake 1,054 waliochunguzwa, uhusiano kati ya hatua ya ugonjwa na ukali wa maumivu ulikuwa hafifu. Mwenye vidoa vichache anaweza kushindwa kusimama, na mwenye uvimbe mkubwa wa ovari akaugundua siku anapohangaikia mtoto. Tena mishipa inayosumbuliwa mwezi baada ya mwezi hubadili utendaji wa uti wa mgongo na ubongo, hata kibofu kujaa au choo kupita kukahisiwa kama jeraha. Ndiyo maana wapo wanaoondolewa vidonda kwa upasuaji na bado wanaumwa.

Mwenye shaka atasema mengi ya haya yametoka kwa panya. Ni kweli. Mwaka 2024 watafiti wa Boston walionyesha kwamba dawa za kuzuia CGRP, zinazotumika tayari kutibu kipandauso, zilipunguza maumivu na ukubwa wa vidonda, lakini kwa panya, mnyama ambaye hata hedhi ya kawaida hapati. Na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, lenye wanawake 306 waliokuwa na maumivu sugu ya nyonga bila kidonda kilichoonekana, liligundua kwamba gabapentini, dawa ya neva, haikuishinda dawa bandia, ikawaachia wengine usingizi na kizunguzungu. Sina haja ya kuukwepa ushahidi huo. Unachokataza ni kugawa dawa za neva kiholela. Hausemi kwamba maumivu yale ni ya kubuni. Wala kutaja ubongo na mishipa si sawa na kusema mgonjwa anajidekeza, ingawa najua wapo watakaoisikia hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la daktari wa wilaya: PID ipo, isipotibiwa huziba mirija, na upasuaji wa matundu madogo, unaothibitisha endometriosisi, hufanyika katika hospitali chache tu. Basi na atibu PID pale dalili zake zipo. Lakini maumivu yanayofuata kalenda, na yanayorudi baada ya dozi kamili, yanadai jina lingine. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 20 ya wanawake weusi waliokuwa wameambiwa wana PID walikuwa na endometriosisi, wakati vitabu vya udaktari vikifundisha kuwa ugonjwa huo ni wa wazungu. Nayo miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 inaruhusu matibabu ya homoni yaanze kwa kufuata dalili, bila kusubiri upasuaji wa kuthibitisha. Homoni hizo ni pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango ambavyo vituo vyetu tayari vinavyo. Haviponyi ugonjwa, na si vya kila mtu, ila huutuliza utando na kupunguza mchochota.

Hapo wazazi hushtuka: binti wa sekondari apewe vidonge vya uzazi wa mpango? Hofu hiyo ina heshima yake, lakini vidonge haviharibu kizazi, na akiviacha uwezo wa kushika mimba hurudi. Madhara ya kungoja ni makubwa zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema wengi hungoja kati ya miaka 4 na 12 kabla ya kupewa jina la ugonjwa wao. Wazazi, chukueni daftari muandike siku za maumivu, siku za hedhi, dawa alizomeza na siku alizokosa shule, kwa miezi mitatu. Nendeni nalo kituoni, na muulize wazi kama yaweza kuwa endometriosisi.