Wapagazi na Deni la Majina

Kila mwaka wanafunzi wa shule na vyuo hupelekwa Nairobi kuuona mji mkuu, na katika safari hizo mashujaa hawakosi fungu lao. Huonyeshwa bustani ya Uhuru, ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Huonyeshwa sanamu ya Dedan Kimathi iliyosimamishwa mwaka 2007. Wakibahatika kufika mwezi wa Novemba, huweza kuhudhuria ibada ya ukumbusho katika makaburi ya vita ya Ngong Road, ambapo tarumbeta hulia, mashada ya maua mekundu huwekwa, na watu hunyamaza kimya. Kisha hushushwa Kenyatta Avenue mbele ya watu watatu wa shaba, wakapigwa picha, wakapanda gari, wakaenda zao. Wengi hurudi kwao bila kuyasoma maandishi yaliyo chini ya miguu ya watu wale. Hasara yake si ndogo, maana maandishi hayo ni hati ya deni, na deni lenyewe halijalipwa.

Sanamu hizo zilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, zikasimamishwa mwaka 1928. Mmoja wa watatu hao ni askari wa King's African Rifles, wa pili ni mpiganaji wa Arab Rifles wa pwani, na wa tatu ni mpagazi. Maandishi, ambayo yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Yanamwahidi Mwafrika kwamba apiganiaye nchi yake, ajapokufa, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji na alizunguke jiwe lile mara tatu, au mara saba akipenda. Hataona juu yake jina la mpagazi hata mmoja.

Maneno hayo husemwa kuwa ni ya Rudyard Kipling, na ikiwa ni yake, basi hakuyatunga kwa kutojua uzito wa jina. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa kijana wa miaka 18. Maiti yake haikutambuliwa maisha yote ya baba yake, lakini jina lake lilichongwa ukutani. Kipling alikuwa pia mjumbe wa Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa mwaka 1917, ambayo ilishika kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina pasipo kubagua cheo, rangi wala dini. Kanuni njema hiyo ilitimizwa vizuri Ufaransa. Ilipofika Afrika ya Mashariki ikaona jua kali ikarudi. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yaote nyasi hata yakawa nyika tena, na mahali pa majina pakawekwa sanamu. Haya si masingizio ya wenye chuki. Tume yenyewe iliyakiri mwaka 2021, ikaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, ambao wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ni akina nani hao? Katika vita vile Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika upande huu wa Afrika. Baadhi yao waliajiriwa kwa hiari. Wengi, hasa mwaka 1917, walitolewa na machifu kwa amri, wakakamatwa mashambani na majumbani mwao. Walibeba vyakula, risasi, na mara nyingine mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, wakavuka mito na vinamasi kufuata majeshi yaliyomwinda von Lettow-Vorbeck. Risasi haikuwaua sana. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, na hesabu yao yakaribia watu 100,000. Kumwambia mtu aliyefungwa kamba shambani kwake kwamba alikuwa akiipigania nchi yake ni mzaha, lakini mzaha huo uwekwe kando, maana ahadi ni ahadi hata ikitolewa na mwenye kejeli.

Wako wasemao kwamba majina hayapatikani, kwa kuwa Waafrika wa zama zile walikuwa wengi mno na hawakuandikwa. Hoja hii ndiyo mbovu kuliko zote. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, katikati ya vita, na vita vilipokwisha ikatiwa nguvu. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alivikwa shingoni kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake, ili asimtoroke mwajiri. Serikali iliyoweza kuliandika jina la kila aliye hai ili afanye kazi ilidai kushindwa kuliandika jina la aliyekwisha kufa kazini. Na wapagazi wenyewe walitiwa katika madaftari na kupewa namba, ingawa sehemu kubwa ya mishahara ya waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Kalamu ilikuwapo, tena haikuwa na uvivu.

Wengine husema sanamu hizo ni mabaki ya ukoloni, ziangushwe. Mdai hachomi hati ya deni lake. Na wengine husema wapagazi waliutumikia ufalme wa kigeni, kwa hiyo taifa huru haliwiwi nao neno. Lakini aliyeburutwa vitani na mkoloni anapataje kuhesabiwa kuwa mshirika wa mkoloni?

Hata tarehe ya ibada si yao. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918, na ndiyo siku ambayo mashada huifuata. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn tarehe 25 Novemba. Siku zile zote za kati, yaani wiki mbili kamili, mpagazi alikuwa bado na mzigo kichwani.

Kiswahili ndicho kilichotumiwa kuitoa ahadi ile, na Kiswahili ndicho kilichowakumbuka wapagazi kuliko shaba. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu ukakiita Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi, na majina hayo yakabaki katika mitaa na masoko, yakatajwa na makondakta mchana kutwa. Mfalme Charles wa Tatu alipoizuru Kenya mwaka 2023 alifika hata makaburi ya Kariokor. Mwanafunzi wa Kiswahili hupita hapo akitafuta nyama choma, na mwalimu wake, ambaye ana daraja ya juu katika elimu ya maana za maneno, humwacha apite.

Basi safari ya mwaka ujao na ianzie Kariokor, na siku iwe 25 Novemba. Kila mwanafunzi aje na jina moja aliloliulizia kwa wazee wa kwao, la mtu aliyechukuliwa asirudi; naye aliyekosa jina aje na jina la kijiji. Yaandikwe katika daftari la idara, kisha yasomwe kwa sauti mbele ya mpagazi wa shaba, hata kama magari ya Kenyatta Avenue yatapiga honi.